Masharti ya Kijaa cha Bure

Hapo zamani, katika mji wa Vugizo, alikuwako fundi wa nyungo aliyeitwa Mshangama, maskini wa mali ila si maskini wa maneno, na kitu pekee alichokuwa nacho duniani ni kibanda cha udongo alichoachiwa na mama yake. Mji huo ulitawaliwa na Sultani Jabiri, ambaye siku ya kutawazwa aliahidi kuchimba visima saba, na kila mwaka siku kama ile akaahidi tena, hata ahadi zenyewe zikafikia umri wa kuozwa.

Basi akatokea tajiri, Bwana Mahfudhi, akaleta kijaa, yaani mawe mawili ya kusagia nafaka, la juu likizungushwa kwa mpini juu ya la chini. Watu waliokuwa wakitwanga kwenye vinu hata mabega yakawaka moto waligawiwa vijaa nyumba kwa nyumba, bure, nao wakamwombea tajiri dua. Mwaka haujaisha, mipini ikaanza kukatika. Kila aliyejichongea mpini wake aliona hauingii, kwa kuwa tundu la jiwe lilitobolewa pembe tatu, na mipini ya pembe tatu ilipatikana kwa Bwana Mahfudhi peke yake. Watu wakanung'unika, wakaenda kuinunua.

Lakini mpini ulikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa masharti.

Watu wa Vugizo walikuwa na ada moja ya mababu: msichana akiulizwa habari za mchumba akanyamaza, basi ameridhia. Bwana Mahfudhi akamwendea Sultani na kitambaa cha hariri, akaomba ada hiyo itumike na katika biashara. Sultani akaipapasa ile hariri, akasema, "Sioni ubaya." Tangu hapo, kila mwezi ulipoandama, mpiga mbiu wa tajiri alipita mitaani akisoma masharti mapya ya vijaa, naye alichagua saa ya kusaga, vijaa vyote vya mji vikinguruma kwa pamoja, hata mtu asisikie kikohozi chake mwenyewe. Watu wakamwona anapita na karatasi yake, wakanyamaza. Ikawa wamekubali.

Jumanne moja Mshangama akarudi kwake, akamkuta mtumishi wa tajiri anapima ukuta kwa kamba.

"Unapima nini, ndugu yangu?"

"Napima nyumba ya Bwana Mahfudhi," akajibu yule mtumishi. "Sharti la kumi na tisa: kijaa kikikaa miaka mitatu ndani ya nyumba, nyumba inakifuata kijaa. Chako kimetimiza. Uwe umehama Ijumaa."

"Na nani aliyekubali sharti hilo?"

"Wewe. Ulinyamaza vizuri sana."

Mshangama akaenda mbio dukani kwa tajiri, penye dirisha la malalamiko. Dirishani alikuwako kasuku, naye akasema kwa sauti ya upole, "Shauri lako tunalithamini. Ngoja kidogo."

Jirani yake, Bi Mwanamize, alikuwa ameketi chini ya dirisha lile na mkoba wa chakula. "Kaa, mwanangu," akamwambia. "Mimi nipo tangu juzi. Jana alisema neno jingine, moyo ukanipasuka kwa furaha. Kumbe anaomba karanga."

Mshangama hakukaa. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani, akaanguka miguuni, akaeleza. Bwana Mahfudhi mwenyewe alikuwapo, ameketi karibu na mto wa Sultani.

"Ewe Mshangama," akasema Sultani, "sheria ni sheria. Anyamazaye hana tena haki ya kukataa. Lakini mimi si mtu mkatili. Niletee hapa mtu mmoja tu katika mji huu aliyesomewa masharti, asiyasikie, akanyamaza, na pamoja na hayo akawa na haki ya kukataa. Ukimleta kabla ya Ijumaa, kibanda ni chako. Usipomleta, hama, na usinisumbue tena."

Watu wa baraza wakacheka, maana mtu wa namna hiyo hakuwapo kwa mujibu wa sheria yenyewe. Mshangama akainama, akasema, "Nimesikia, Maulana," akatoka. Njiani akapita jikoni kwa Sultani, akampa mpishi ungo mpya. "Ni bure," akamwambia.

Asubuhi ya Jumatano Sultani akaja kukaa kitini, na siwa ikapulizwa kama ilivyo desturi ya wafalme wa Vugizo. Siwa ile ilikuwa pembe kubwa ya shaba, na muda wote inapolia ilikuwa mwiko mtu yeyote kufumbua kinywa mbele ya mfalme, na mfalme mwenyewe asithubutu. Mshangama akasimama nyuma ya nguzo karibu na mpulizaji, ameshika karatasi, midomo inamcheza. Sultani akamwona kwa mbali, akadhani anamwombea umri mrefu.

Alhamisi walinzi wakamkamata anapima ukuta wa jumba la Sultani kwa kamba, wakamburura mpaka barazani.

"Ulikuwa ukifanya nini?" akauliza Sultani.

"Napima nyumba yangu, Maulana. Nimeona sebule ni ndefu kidogo, lakini nitazoea."

Baraza likafadhaika. Mshangama akaendelea kwa adabu: "Jana siwa ilipokuwa inalia nilikusomea masharti ya ungo niliompa mpishi wako: kwamba ungo ukilala usiku mmoja jikoni, jumba linaufuata ungo. Umelala siku mbili. Na wewe, Maulana, ulinyamaza kwa heshima kubwa."

"Siwa ilikuwa inalia," akasema Sultani, mishipa imemsimama. "Nani angesikia? Na desturi inanifunga kinywa. Nakataa. Asiyesikia hakukubali kitu, awe nani."

Waziri akafumba macho, maana alikwisha kuona maneno hayo yanakoelekea.

"Basi nashukuru," akasema Mshangama. "Uliniagiza nikuletee mtu aliyesomewa masharti, asiyasikie, akanyamaza, na bado ana haki ya kukataa. Nimemleta, Maulana. Ameketi katika kiti chako."

Bwana Mahfudhi akasogea upesi. "Maulana, mambo ya mfalme ni mbali na mambo ya raia. Huyu anakucheza shere."

Sultani akamwita mpishi, akamuuliza, "Jikoni mwangu mna vijaa vingapi?"

"Vinne, Maulana. Vya Bwana Mahfudhi."

"Vya tangu lini?"

"Vinatimiza miaka mitatu mwezi ujao."

Sultani akamtazama Bwana Mahfudhi. Bwana Mahfudhi akalitazama zulia. Kisha Sultani akaanza kucheka, kwanza taratibu, mwisho kilemba kikamwanguka, na walinzi nao wakapata ruhusa ya kucheka.

Akaamuru kwamba Ijumaa baada ya sala vijaa vyote visimamishwe, na Bwana Mahfudhi asimame uwanjani asome masharti kwa kinywa chake, na kila mtu ajibu kwa kinywa chake.

Ikawa hivyo. Tajiri akasoma, jasho linamtiririka, na kila sharti watu wakajibu, "Sikubali." Bi Mwanamize alijibu hata kabla sharti halijaisha. Lilipofika la kumi na tisa, sauti ya Sultani ilizishinda zote. Mtu mmoja tu hakusema neno. Watu wakageuka, wakaona Mshangama ameketi chini, amefumba macho, amenyamaza kimya, nao wakaingiwa na hofu kwa ajili ya kibanda chake.

"Mshangama," akaita Sultani, "mbona hujibu? Unataka kupotewa na nyumba?"

Mshangama akafumbua macho. "Sikubali, Maulana," akasema. "Nilitaka tu kunyamaza mara moja bila mtu kuniandikia kitu."