Chupa za Kilomita ya Themanini

Hii nimeletewa na shemeji yangu. Kwa kuwa shemeji yangu hajawahi kuniletea kitu bila sababu, nimeisoma mara tatu nikitafuta anamlenga nani. Sijapata jibu. Naipitisha kwako, nawe jitafute humo, na ukijikuta usinipigie simu.

Katika wilaya moja ya kanda ya ziwa, kule ambako baiskeli hubeba gunia, mgonjwa na hata bibi harusi, aliishi mwendesha baiskeli mmoja aitwaye Nkwabi. Huko kila mwaka, baada ya mavuno na kabla ya mvua za kwanza, hufanyika mbio za barabarani za kilomita mia moja na sitini. Mwaka huo zawadi ya mshindi ilikuwa maksai wawili waliokwisha kufundishwa kulima, pamoja na jembe lao la kukokota.

Nkwabi aliwataka maksai wale kuliko kitu chochote. Maksai wake wawili walikuwa wamekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, miezi michache nyuma. Alikuwa na eka nne za udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukinyeshewa unanata na ukikauka unapasuka. Kuulima kwa jembe la mkono ni kujitafutia mgongo mbovu. Asiposhinda, nusu ya shamba ingebaki pori, na watoto wake wangeijua njaa kabla mwaka haujaisha.

Tena alikuwa na kidonda moyoni. Mwaka uliotangulia aliongoza mpaka kilomita ya mia na thelathini, kisha miguu ikagoma kabisa. Akapitwa na jamaa mmoja mpole wa kijiji cha pili, jina lake Gamaya. Watu wakamnong'oneza Nkwabi: "Wewe umefungwa miguu. Pale si bure." Hakuna aliyemuuliza asubuhi ile alikula nini. Alikuwa amekunywa chai ya rangi na andazi moja, basi.

Waendeshaji wa huko wana desturi yao. Wiki ya mwisho kabla ya mbio, mtu hula kutoka mkono mmoja tu, wa mkewe au wa mama yake. Baiskeli hulala ndani ya nyumba. Hata maji ya kunawa hayapokelewi kwa jirani. Utacheka, lakini na wewe soda iliyokwisha kufunguliwa huinywi, kwa hiyo tuheshimiane.

Tusimnyime Nkwabi haki yake, mazoezi alifanya. Miezi mitatu mizima, kila Jumatatu na Alhamisi, aliamka alfajiri akaenda kilomita tisini kwenda na kurudi. Siku za katikati alipanda kilima cha mnadani mara kumi bila kushuka kwenye baiskeli. Alijifunza kukaa nyuma ya mwenzake ili upepo umpige yule wa mbele. Mapafu yalikuwa tayari na miguu ilikuwa tayari. Kilichokuwa hakijatayarishwa ni tumbo, na hilo yeye hakulijua.

Alhamisi ya wiki ya mbio, tairi lilitoboka njiani akarudi nyumbani mapema. Alipokuwa anaingiza baiskeli uani, akasikia sauti nyuma ya jiko. Akachungulia. Mkewe, Minza, alikuwa amesimama na bibi kizee mmoja. Akamtambua: ni Bi Nyanzobe, mama yake Gamaya.

Bi Nyanzobe alikuwa anampa Minza kifurushi kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Usimwambie," bibi alisema. "Akijua hatakunywa."

"Sitamwambia," Minza akajibu, akakitia kifurushi ndani ya khanga.

Jamani. Hata ungekuwa wewe. Nkwabi alirudi nyuma kimyakimya, akatoka uani, akazunguka, kisha akaingia tena kwa kishindo akijikohoza ili asikike.

"Mama Sayi, leo kulikuwa na mgeni?" akauliza huku anavua viatu.

"Hakuna," Minza akasema. "Mbona umewahi?"

"Tairi."

Akala ugali wake jioni ile kidogo kidogo, akimtazama mkewe anavyotafuna, na akahakikisha hali tonge mpaka mkewe ametangulia kula la kwake. Wamekaa pamoja miaka kumi na moja. Wamezika mtoto mmoja pamoja. Lakini shaka ikishaingia haikumbuki msiba mliolia wote.

Kesho yake Minza alipokwenda kisimani, Nkwabi alipekua jiko. Akakikuta kifurushi ndani ya chungu cha mboga za kukausha. Ndani mlikuwa na unga mweupe unaoelekea ukahawia. Hakuthubutu kuuonja. Akachota kidogo, akaukoroga na maji, akamwekea jogoo aliyekuwa anazurura uani.

Jogoo akanywa. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma. Akasogea kivulini, akasimama kwa mguu mmoja, akafumba macho.

"Ndiyo hiyo," Nkwabi akasema peke yake. "Wanataka nisinzie barabarani."

Kila mfuga kuku anajua jogoo hufanya nini saa saba mchana. Nkwabi alifuga kuku tangu utoto, na siku hiyo alisahau.

Jumamosi ikafika. Waandaaji walimpa kila mshiriki chupa mbili za bluu, zinazofanana zote. Mtu alijaza kinywaji chake, akabandika kipande cha plasta chenye jina lake, kisha chupa zikapelekwa kwa gari mpaka kituo cha kilomita ya themanini. Hapo waendeshaji wangezipokea wakiwa njiani, kwa ajili ya nusu ya pili ya safari.

Minza alizijaza chupa za mumewe mwenyewe. Akampa pia mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga aufunge mgongoni.

"Kunywa zote mbili, Baba Sayi," alimwambia. "Usingoje kiu. Na hii michembe tafuna kidogo kidogo kuanzia mwanzo, usisubiri uchoke."

"Nitakunywa," Nkwabi akasema, na moyoni akasema mengine.

Gari lilikuwa bado limeegeshwa. Akamwendea dereva, akajitolea kumsaidia kupanga chupa kwenye kreti. Dereva akafurahi kupata msaada, akaenda kunywa chai. Nkwabi akabandua plasta zenye jina lake, akabandua zenye jina la Gamaya, akazibadilisha. Haikuchukua hata dakika moja.

"Kama ni dawa," akawaza, "ikamnyweshe mwenye nayo."

Angalia hapo. Aliamini ndani ya chupa zile mna kitu cha kumwangusha mtu barabarani, na akampa mtu anywe. Kanisani hukaa benchi la tatu kutoka mbele. Ile michembe akaitupia mbuzi.

Mbio zikaanza. Mpaka kilomita ya themanini Nkwabi alikuwa vizuri, amejificha nyuma ya wenzake, hapigwi na upepo. Kituoni akapokea chupa zenye jina lake, akaonja. Maji matupu, hayana ladha yoyote. Akafurahi mno.

Gamaya naye akapokea zake. Akapiga funda moja, akaitazama chupa, akainusa, akanywa tena. Nkwabi aliona yote kwa pembe ya jicho. Akakanyaga pedali kwa nguvu, akaongoza, akawa anageuka nyuma kila baada ya muda kuangalia kama mwenzake ameshaanza kuyumba.

Kilomita ya tisini, Gamaya yupo. Kilomita ya mia moja na kumi, Gamaya yupo, tena uso umemkunjuka. Mtu wa kuanguka haanguki.

Kilomita ya mia na ishirini na tano msuli wa paja la Nkwabi ukakaza. Akaupiga ngumi, ukaachia, ukakaza tena. Macho yakaanza kuona giza kwenye kingo. Njaa ilikuwa imemkamata, lakini yeye akasema moyoni: wamenifunga tena, sijui wamepitia wapi.

Kilomita ya mia na arobaini Gamaya akamfikia. Hakumpita moja kwa moja. Akapunguza mwendo, akamtazama kwa huruma.

"Vipi, ndugu yangu? Umeishiwa?" akasema, akamnyooshea chupa. "Shika hii, imebaki nusu. Sijui wamenitilia nini leo, lakini inafanya kazi."

Nkwabi aliitazama ile chupa ya bluu. Alikuwa na kiu ya kufa. Ilikuwa chupa yake mwenyewe, iliyojazwa na mkewe kwa mkono wake.

"Sitaki," akasema. "Nenda zako."

Gamaya akaenda zake. Akashinda. Nkwabi alimaliza wa kumi na moja, akateremshwa kwenye baiskeli na watu wawili, akalazwa chini ya turubai la wahudumu.

Pale kwenye mstari wa mwisho, Gamaya alipiga magoti mbele ya mama yake, watu wote wakiona.

"Mama, nisamehe," akasema. "Miaka yote nimekataa ule unga wako, nikasema ni mambo ya zamani ya marehemu baba. Leo umenitilia kwa siri. Nimekubali."

Bi Nyanzobe akashangaa. "Mimi? Sijakutilia kitu. Wewe si ulisema maji yanakutosha?"

Minza alikuwa amesimama hatua chache tu, na maneno yale yakamwingia kama mwiba. Alikuwa ameshaona mumewe alivyoletwa. Akaunganisha mambo kichwani, akayaunganisha vibaya.

"Bibi," akasema kwa sauti ya juu, "umenifanya nini? Mimi ulinipa unga gani? Kile kizuri umemwekea mwanao, mimi ukanipa kitu cha kummaliza mume wangu?"

"Mwanangu, tulia..."

"Nitulieje? Mtazame pale alivyolala."

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akasema, "Nilijua." Mwingine akasema, "Mwaka jana ilikuwa hivi hivi." Wa tatu akauliza huyu bibi nyumba yake iko wapi. Na huko, bibi kizee anayeishi peke yake akishatajwa kwa habari za unga na miguu ya watu, hapewi nafasi ya kujitetea. Wapo waliochomewa nyumba kwa maneno machache kuliko yale.

Nkwabi alisikia kila kitu pale turubaini. Alijua kuwa akinyamaza, jina lake litabaki safi. Angekuwa mtu aliyefungwa miguu, wa kuonewa huruma, labda hata wa kuchangiwa. Ni yeye peke yake aliyejua kuhusu plasta. Dereva alikuwa kwenye chai.

Aliona mtu mmoja anamshika bibi mkono.

"Muacheni," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akajiinua kwa kiwiko, akarudia. "Muacheni huyo mama. Chupa nilizibadilisha mimi."

Watu wakageuka kumtazama.

"Plasta nilizibandua mimi asubuhi," akaendelea. "Nilimwona Minza anapokea kile kifurushi, nikamjaribishia jogoo, akasinzia, nikadhani wananiwekea sumu. Zangu kanywa Gamaya. Mimi nimekunywa maji yake matupu."

Yule aliyemshika bibi mkono akauachia, akajifanya anatafuta kofia yake.

Bi Nyanzobe akaketi chini. Kisha akasema, bila hasira, kwamba ule ni unga wa ubuyu, chumvi na sukari guru, aliokuwa akimtengenezea mumewe enzi za mbio zake. Minza ndiye aliyemfuata. Alikuwa ameona mashati ya mumewe yanabaki na michirizi myeupe ya chumvi kila akirudi mazoezini, akahofia yaliyompata mwaka jana, akaenda kumwomba mtu anayejua.

Waandaaji wakamfungia Nkwabi asishiriki mbio miaka miwili. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la kurudi nyumbani.

Minza alitembea mbele njia nzima, bila kugeuka. Walipofika uani, Nkwabi ndiye aliyeanza.

"Ungeniambia tu kwamba umeutoa kwao."

"Ningekuambia, ungekunywa?"

Nkwabi akaegemeza baiskeli ukutani.

"Mimi nilikosea kukuficha," Minza akasema. "Nilikosea pia kumpayukia yule bibi, na kesho nakwenda kumwomba radhi. Lakini wewe, miaka kumi na moja unakula kwa mkono wangu, na swali la kuniuliza mimi ukaenda kumuuliza jogoo."

Akaingia ndani. Nkwabi akabaki uani na baiskeli yake, na aibu ikampata sawasawa.

Wiki ya tatu baada ya mbio mvua ikanyesha. Asubuhi moja Nkwabi akiwa shambani na Minza na jembe la mkono, ameshalima kipande kisichofika hata robo eka, akaona wale maksai wawili wa zawadi wanakuja kwenye njia, nira shingoni, jembe lao linakokotwa nyuma, wanaswagwa na Gamaya mwenyewe.

"Mama kaniambia nikuletee," Gamaya akasema. "Kwangu nimemaliza. Kaa nao siku nne." Akamkabidhi kamba, akaondoka.

Nkwabi aliwazunguka wale ng'ombe. Akawatazama kwato, akawafunua midomo. Akapapasa nira juu na chini.

"Mama Sayi," akanong'ona, "huyu anataka nini?"

Minza alikuwa ameshaichukua kamba mkononi mwake, ametangulia mbele.

"Anataka tulime," akasema. "Shika jembe, Baba Sayi, udongo unakauka."

Funzo: Ukimshuku anayekupikia, chakula chako kitamshibisha mshindani wako. Uliza mdomo wa mtu wako kabla hujaamini macho yako, na ukigundua umekosea, sema mapema, kabla kosa lako halijavishwa asiye na hatia.