Ukuta wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na umbea kama sisi, Kiboko alikuwa na ukuta mrefu kando ya mto. Kila mnyama aliandika hapo kwa mkaa habari aliyotaka, bila jina. Wasomaji walifurika, na kila mmoja alimwachia Kiboko fungu la majani. Alinenepa huyo!

Asubuhi moja Pimbi, muuza uji, hakupata mteja hata mmoja. Akakimbilia ukutani, mbio mbio mbio! Akasoma: "Pimbi hukoroga uji kwa mkia wake."

"Mkia!" Pimbi akajipapasa nyuma. "Mimi nina mkia gani? Bwana Kiboko, futa!"

"Ukuta ni wangu, dada. Maneno si yangu, wala sijui kaandika nani."

Pimbi akapeleka malalamiko kwa Tembo, mkuu wa mbuga. Tembo akatoa sheria: uongo ufutwe siku hiyohiyo, na mwandishi atajwe.

"Sheria nzuri, Mheshimiwa," Kiboko akapiga mwayo, "lakini ukuta wote huu! Haufutiki."

Wateja hawakurudi, ila mmoja aliyekuja kwa kujificha. Watoto wa Pimbi wakanywa uji asubuhi, mchana na jioni, mpaka wakalia wakiuona.

Basi Pimbi akamwomba Tembo ajibanze nyuma ya ukuta. Tembo akajibanza, masikio yakabaki nje. Kiboko alikuwa anaoga. Pimbi akaandika haraka: "Jana Kiboko alionekana nyuma ya nyumba ya Pimbi aki..." Akaachia hapo, akajificha.

Kiboko akatoka majini, akasoma. Macho yakamtoka! Chwaa! Akamwaga maji. Fyu, fyu! Akasugua kwa tumbo. Pale pakang'aa.

"Fisi!" akanguruma. "Ya Pimbi nilikuacha uandike, leo unanigeukia mimi?"

"Kumbe unafutika," Tembo akasema, akichomoza. "Na kumbe unawajua."

Kiboko akanywea.

"Nimeandika mimi," Pimbi akajitokeza. "Hukuniacha nimalize. Ulionekana ukinywa uji wangu, bakuli la tatu. Uongo?"

"Kweli," Kiboko akanong'ona. "Ni mtamu."

Siku hiyohiyo Kiboko aliufuta ule uongo kwa tumbo lake mwenyewe, na Fisi akaandika mbele ya wote, jina lake chini: "Pimbi hana mkia."

Wadogo zangu, anayeshiba kwa uongo ulio ukutani kwake asiseme haumhusu.