Mbeyu na Mche wa Zimwi

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akalale kabisa.

Mbeyu alikuwa na mtoto mmoja, Kache, aliyekwisha kuota meno yote na bado ananyonya. Zimwi likamletea mche wa mshubiri, likasema, "Mvua zikianza nitarudi. Nikiukuta umekufa, namla mwanao."

Kwa hofu, Mbeyu akaumwagia maji asubuhi, majani yakalegea. Akaumwagia mchana, yakageuka manjano. Jioni alipoinua mtungi tena, mshubiri ukasema, "Mama, nimeshiba. Unaniozesha mizizi."

"Nikikuacha utakufa kwa kiu!"

"Niache, uone."

Akauhamishia mchangani, akauacha juani, roho juu. Kiangazi kikakaza, na majani yakanenepa.

Hapo Mbeyu akamtazama Kache aliyening'inia kifuani. Akakata jani, akajipaka utomvu wake mchungu kwenye chuchu. Kache akaonja, akalia sana, kisha akaomba uji.

Mvua zilipoanza, zimwi likarudi, likaukuta mche umenawiri.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nje, anacheza na wenzake."

"Umeshinda. Mbona unalia?"

Mbeyu akajifuta macho. "Ameshiba."