Siagi ya Dirishani Skuggdal

Hapo kale, jua lilikuwa halifahamiani na Skuggdal. Liliangaza mabonde yote ya Norwei, likawapasha joto hata wavivu, lakini likifika kwenye bonde hilo jembamba lilizunguka kwa nyuma, kama mgeni anayekwepa nyumba yenye mbwa mkali. Sababu yake ilionekana waziwazi. Juu ya mlima wa kusini lilijilaza jitu, limeegemea kiwiko, na bega lake liliupita mlima kwa urefu. Shayiri ilisimama shambani ikiwa kijani, na theluji ikaifunika ikiwa kijani vilevile. Mto nao ulishuka umenyooka kama uzi, kana kwamba hata wenyewe ulikuwa na haraka ya kutoka humo.

Mtu atauliza: mbona hawakuliambia lisogee? Huyo hawajui watu wa Skuggdal. Kwao, kumlalamikia jirani usoni ilikuwa aibu kubwa kuliko kulala njaa. Walilalamika, tena kwa ufundi mkubwa, lakini ndani ya nyumba, milango imefungwa. Wakitoka nje na kukutana na macho ya jitu, walivua kofia.

"Hali ya hewa si mbaya leo, jirani."

"Si mbaya," jitu lilijibu.

Mababu walisema hivyo, wajukuu wakasema hivyo, na shayiri ikaendelea kuoza.

Kulikuwa na mjane aitwaye Gunnvor, mwenye ng'ombe mmoja na shamba dogo kando ya mto. Mwaka ambao mavuno yaliharibika kabisa, mkuu wa bonde, bwana Eilif, alikubaliana na watu wa bonde la chini: familia zote zihamie kwao zikawe vibarua, na Skuggdal igeuzwe malisho ya kondoo wao. Mwishoni mwa majira ya baridi farasi wakaja, wakikokota sleji tupu, yale magari yasiyo na magurudumu, zikiteleza juu ya theluji. Wenye farasi walikuwa watu wa jua, pua zimewabambuka kwa kuota jua, nao walicheka kwa sauti.

"Panda, mama! Shamba la kivuli halishibishi hata panya."

Gunnvor alitazama shamba lake, akatazama juu. Kusema "sogea" hakuweza. Ulimi wake nao ulikuwa wa Skuggdal. Lakini hapo ndipo wazo lilipomjia. Miaka yote hiyo jitu lilisalimiwa, na hakuna aliyewahi kulikaribisha. Kukaribisha si kulalamika. Akaingia ndani, akatoa siagi yote aliyoiweka kwa ajili ya safari, ngumu kama jiwe kwa baridi, akaipanga kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama mlima.

"Jirani! Karibu siagi!"

"Asante," jitu likanguruma, "nimeshiba."

Wenye farasi wakaangua kicheko. Gunnvor akaita tena.

"Usijisumbue, mama," likajibu jitu.

"Limekataa," akasema Eilif, akiwa tayari ameketi kwenye sleji. "Mara mbili, Gunnvor. Funga dirisha twende."

"Mara mbili ni adabu tu. Wewe uji wangu umewahi kuupokea kabla ya mara ya tatu?"

Eilif akakohoa, akatazama viatu vyake. Wale wa bonde la chini hawakuelewa kitu. Kwao mtu akikaribishwa mara moja, tayari ana kijiko mkononi.

Gunnvor akavuta pumzi. "Jirani, karibu! Nitaona vibaya usipoonja!"

"Haya basi," likasema jitu. "Kidogo tu."

Likainama. Bega likashuka chini ya ukingo wa mlima, kiwiko kikateleza mteremkoni na kutumbukia mtoni kwa kishindo, maji yakakwama, yakahangaika, kisha yakapinda kukizunguka. Ulimi ukafika dirishani. Na pale bega lilipokuwa, jua likamiminika. Liliwapiga watu wote usoni kwa pamoja. Ng'ombe wa Gunnvor akalia zizini. Wazee walitazama vivuli vyao wenyewe wakavisogelea kwa uangalifu, maana hawakuwahi kuonana navyo.

Lakini jitu lilikuwa limelelewa humo humo, na mgeni mwema hakai sana. Likajipangusa mdomo, likaanza kujiinua lirudi mahali pake. Mwanga ukapungua. Gunnvor aliona kivuli kikirudi kwenye shamba lake, na ulimi wake ukafunguka.

"Usiinuke! Ukiinuka utatuzibia jua!"

Watu wakashika vichwa. Lilikuwa lalamiko la kwanza kusemwa nje ya nyumba Skuggdal. Jitu likaganda.

"Kumbe huwa nawazibia?"

"Kidogo tu," Eilif akawahi.

"Sana!" akasema Gunnvor.

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mababu," Eilif akakiri.

"Mbona hamkusema?"

"Hatukutaka kukusumbua, jirani."

Jitu likacheka mpaka theluji ikaporomoka kutoka kwenye mapaa, na nyingine ikawafunika wenye farasi hadi viunoni. "Basi siinuki tena," likasema, likaweka kichwa chini na kulala usingizi mnono. Sleji zikarudi tupu kama zilivyokuja. Mwaka huo shayiri ya Skuggdal iliiva, ikawa ya rangi ya dhahabu kuanzia mtoni hadi msituni, na Gunnvor alivuna akiwa na pua iliyobambuka.

Na tangu siku hiyo mlima wa kusini una pengo pale jitu lilipokuwa limelalia, mto hukunja kona kubwa katikati ya bonde, na Skuggdal ina halmashauri yake yenyewe, ndogo lakini haitawaliwi na mtu. Kila mwaka jua linaporudi baada ya baridi, shule hufungwa, ofisi hufungwa, na kila nyumba huweka siagi dirishani. Mama mwenye nyumba hukaribisha mara ya kwanza, hakuna kitu. Hukaribisha mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu jua huchomoza pengoni, siagi huanza kuyeyuka, na bonde zima hupiga kelele ya shangwe inayosikika hadi bonde la chini.