Sheikh Tamimu na Shayiri ya Uzazi

Wamesimulia wazee wetu, waliopokea kwa wazee wao, kwamba palikuwa na bonde kame katika nchi za mbali, na ndani ya bonde hilo miji miwili iliyokunywa maji ya mfereji mmoja. Mji wa juu uliitwa Dari Nahla, na mji wa chini Ainu Safra. Mfereji ule ulijaa mchanga kila mwaka. Kila mwaka, kabla ya mavuno, wanaume wa miji yote miwili walikutana katikati na majembe yao wakauzoa. Ilikuwa ada yao kula pamoja siku hiyo. Wa juu walileta unga wa shayiri, wa chini walileta nyama, kikapikwa chungu kimoja. Wazee wao walikuwa wamepigana sana huko nyuma, na hawakuacha mkataba wowote wa amani ila chungu kile.

Katika Dari Nahla aliishi mja mwema aliyeitwa Sheikh Tamimu, Mungu amrehemu. Alijulikana bonde zima kwa jambo moja: akisema vita vinakuja, vilikuja. Hakupiga ramli wala hakutazama nyota, kwani alisema elimu ya ghaibu ni ya Mola peke yake. Yeye alitazama watu. Alitazama kama wahunzi wanafua majembe au mikuki. Alitazama kama vijana wa mji huu bado wanaposa katika mji ule, na nani anaziba nyufa za ukuta, na shayiri sokoni inapanda au inashuka. Mara mbili aliwaonya watu wakajitayarisha wakasalimika. Na mwaka mmoja wa ukame, watu wote walipokuwa na hofu, alisema, "Laleni, hakuna kitu," na kweli hapakuwa na kitu. Tangu hapo watu wakamwamini mno, na kidogo kidogo yeye naye akaanza kujiamini mno.

Basi ukaja mwaka ambao dalili zote ziliharibika kwa pamoja. Shayiri ilipanda bei ghafla, ilhali mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Watu wa Ainu Safra wakaonekana juu ya ukuta wao wakipaka udongo mpya. Na siku ya kuzoa mchanga, watu wa chini walikuja na unga wao wenyewe katika vifuko, wakakaa upande wao, wakapika peke yao. Vyungu vilikuwa viwili. Sheikh Tamimu alikiona chungu cha pili kikifuka moshi.

Hakuwa peke yake aliyekiona. Mtawala wa Dari Nahla, Amiri Ghalibu, alimwita asubuhi iliyofuata.

"Sheikh, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema. "Wale wa chini watatupiga au hawatatupiga?"

"Amiri, dalili si nzuri. Niruhusu nitazame zaidi."

"Umetazama maisha yako yote, hujachoka tu? Sikiliza. Kama vita vinakuja, nitawawahi kabla hawajavuna, wangali na njaa. Ijumaa, baada ya swala, utaniambia mbele ya watu wote: ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, tunatoka Jumamosi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nasikia binti yako ameolewa kule. Nisingependa watu waseme huruma imekufumba macho."

Na ni kweli. Lubna, binti pekee wa Sheikh, alikuwa ameolewa Ainu Safra, na mimba yake ilikuwa imefikia mwezi wake.

Sheikh alirudi nyumbani akaketi barazani bila hata kuvua viatu. Mkewe, Bi Ruwaida, alikuwa akipepeta. Alikuwa mwanamke wa kazi, asiyependa mtu kukaa kimya nyumbani mwake kama mgeni.

"Haya, sema. Amiri kakutafuna?"

Akamweleza. Alipokwisha akasema, "Nimefikiri, mke wangu. Ijumaa nitasema hapana. Nitasema hakuna vita, na Lubna atajifungua salama."

"Na wewe unaamini hakuna vita?"

"Naamini vipo."

Bi Ruwaida akaweka ungo chini. "Basi utawadanganya watu. Wataacha malango wazi kwa neno lako, na vita vikija, watoto wa wenzetu watachinjwa ili wetu apone. Mimi ni mama yake Lubna, nimemzaa kwa uchungu ambao wewe hukuujua. Lakini uongo huo usinitajie mimi."

"Nikisema ndiyo, Amiri atakwenda kuuchoma mji aliomo mwanangu."

"Hilo nalo nimelisikia. Sijasema ni rahisi." Akachukua ungo wake. "Inuka basi, usinizibie njia. Nataka kuweka hii ghalani."

Sheikh akainuka kumsaidia kubeba. Alikuwa hajaingia ghalani tangu mvua, kwa sababu mambo ya ghala yalikuwa ya mkewe. Alipofungua mlango akakuta magunia yamepangwa hadi karibu na dari.

"Mama Lubna! Shayiri yote hii ya nini?"

"Ya nini! Mwanao anajifungua. Mama mkwe wake ni mgonjwa, nani atampikia uji wa uzazi? Mimi nitakwenda kukaa naye, na sitakwenda mikono mitupu nikale vya watu. Wewe umeshughulika kutazama farasi wa Amiri. Mimi nimetazama tumbo la mwanangu."

"Ulinunua lini?"

"Tangu mwandamo wa Rajabu. Nilinunua mapema, kabla haijapanda bei."

Sheikh akasimama na gunia mkononi. Shayiri ilipanda baada ya mwandamo wa Rajabu. Siku chache tu baadaye. Akatoka hadi kwa jirani yao, Bi Nafla, aliyekuwa akichota maji mlangoni pake.

"Dada yangu, nakuuliza kwa ajili ya Mungu. Wewe umenunua shayiri mwaka huu?"

Bi Nafla akacheka. "Sheikh, unatuona sisi wajinga? Tumeona punda wanashusha magunia nyumbani kwako, mchana kweupe. Tukasema, Sheikh Tamimu haweki akiba bure. Mtaa mzima umenunua. Na mitaa mingine imetuona sisi."

"Mbona hamkuniuliza?"

"Mtu anayejua siri za Amiri, tumuulize ili atudanganye? Tulitazama tu, kama unavyotazama wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Akashuka njia ya mfereji mpaka penye mlango wa maji, ambapo watu wa miji yote miwili huja kufungulia zamu zao, akamngoja mkwewe, Zuheri, mume wa Lubna. Kijana alipomwona akambusu mkono, lakini macho yake yalikuwa yakitazama huku na huku.

"Mwanangu," akasema Sheikh, "kwa nini mlikuja na unga wenu?"

"Baba, usinikasirikie. Kwetu ilisemwa kwamba mji wenu unafungia shayiri. Tukajua mwaka huu hamtaleta unga wa kutosha, na kweli mlileta kidogo. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wameshauliza: watu wa juu wanaficha chakula kwa nini? Mmoja akasema, Sheikh Tamimu ndiye aliyeanza. Hapo hapakuwa na mjadala tena. Siku ya pili tukaanza kupaka ukuta." Kisha akauliza kwa unyonge, "Baba, vinakuja lini? Nimhamishe Lubna?"

Sheikh Tamimu akaketi juu ya ukingo wa mfereji. Miezi yote ile alikuwa akitazama dalili za vita, kumbe dalili zilikuwa zikimtazama yeye. Uji wa mzazi mmoja ulikuwa umepandisha bei, bei ikapandisha ukuta, ukuta ukaleta chungu cha pili, na chungu cha pili kilikuwa karibu kuleta upanga. Na yeye, bingwa wa kutazama, ndiye mtu pekee bondeni ambaye hakuona kilichomo ndani ya ghala lake.

Akamwambia Zuheri, "Rudi kwa mkeo. Mwambie mama yake anakuja."

Alhamisi nzima Sheikh alikaa msikitini. Haikumwia rahisi. Akisema kweli, heshima yake ingekwisha siku hiyohiyo. Na tena nani angemwamini? Wangesema anamtetea binti yake kwa hadithi ya uji. Shetani akamnong'oneza kwamba iko njia ya tatu: aseme amejaliwa kuona kwamba vita vimeondolewa, abaki na jina lake na binti yake pia. Sheikh akaomba msamaha kwa Mola wake, akaendelea kukaa, mpaka moyo ukatulia.

Ijumaa, baada ya swala, Amiri alisimama karibu na mimbari. "Haya, Sheikh. Ndiyo au hapana?"

Sheikh Tamimu akageuka kwa watu. "Enyi ndugu zangu. Shayiri mliyoiona ikishushwa nyumbani kwangu ni ya uji wa binti yangu. Ana mimba. Mke wangu alinunua, na mimi sikujua. Hakuna siri nyingine. Mlinunua kwa kunifuata mimi, wa chini wakaogopa kwa kuwatazama ninyi, na mimi nikaogopa kwa kuwatazama wao. Kosa ni langu, kwa kuwa niliwazoesha kunitazama."

Sauti ya nyuma ikasema, "Kumbe mimi nalala juu ya magunia kwa sababu ya mimba ya mtu!" Msikiti ukacheka, ijapokuwa si mahali pa kucheka.

Amiri hakucheka. "Kwa hiyo hakuna vita."

"Sikusema hivyo, Amiri."

"Basi vipo."

"Wala hilo sikulisema. Sijui."

"Hujui? Wewe?"

"Sijui. Kwamba mfereji hujaa mchanga kila mwaka, hilo najua, wala halihitaji sheikh. Chuki baina ya watu nayo hujaa vivyo hivyo, na mwaka huu imejaa, nimeiona. Lakini ukingo utapasuka wapi, siku gani, na kwa shimo la panya gani, hilo silijui na sitalijua. Ukienda kesho na upanga, Amiri, hutakuwa umewahi vita. Utakuwa umevileta."

"Maneno ya baba mwenye binti kule!"

"Ni kweli nina binti kule. Juzi nilitaka kukuambia hapana kwa ajili yake, na mama yake akanikataza. Leo nakuambia sijui, mbele ya watu hawa na mbele ya Mola wangu."

"Sasa faida yako nini?" Amiri akafoka. "Mtabiri asiyejua!"

"Faida yangu ni kukuambia mchanga umejaa, ili tuuzoe."

Amiri akamvua cheo chake cha ushauri pale pale. Sheikh akavaa viatu vyake akaenda nyumbani, na baadhi ya watoto wakamfuata wakiimba, "Uji! Uji!" Hakuwafukuza.

Asubuhi ya Jumamosi, majeshi yalipokuwa yakingoja amri, Sheikh Tamimu na Bi Ruwaida walitoka kwenye lango la mji na punda wao, magunia juu, bila silaha wala mtumishi. Mji mzima ukapanda kwenye kuta kutazama. Walipofika Ainu Safra, walinzi wakashusha mikuki.

"Sheikh! Unakimbia vita?"

Bi Ruwaida akajibu kabla ya mumewe. "Namkimbilia mzazi. Fungua lango, mwanangu, jua linatuchoma, na punda huyu hana adabu akichoka."

Wakafungua. Bi Ruwaida akapima kwanza shayiri ya uji wa binti yake akaiweka kando, kisha gunia lililozidi akalifungua uwanjani. Akaomba kile chungu kikubwa cha siku ya mfereji, akapika. Wanawake wa Ainu Safra walisimama mbali kwa muda. Halafu mmoja akaleta kuni, na mwingine, aliyesikia habari ya mimba, akaleta nyama. Kutoka kuta za juu watu wa Dari Nahla waliona moshi, nao ulikuwa wa chungu kimoja.

Amiri hakutoa amri siku ile. Wengine husema aliona haya, wengine husema askari wake walikuwa bado wanacheka, na mtu anayecheka haendi vitani vizuri. Lubna alijifungua mtoto wa kiume kwa salama. Shayiri ikatolewa maghalani, bei ikashuka.

Vita havikuwapo mwaka ule. Vilikuja miaka mingi baadaye, katika mwaka ambao dalili zote zilikuwa njema, kwa ugomvi wa mbwa na kondoo ambao hakuna aliyeutazamia. Vilikuwa vita vifupi. Sheikh Tamimu, mzee sana wakati huo, hakuviona vikija, na alikiri hivyo bila kuona aibu.

Tangu Ijumaa ile, kila alipoulizwa, "Sheikh, mwaka huu kutakuwa na vita?" alijibu jibu moja tu: "Sijui. Umeshazoa mchanga wa upande wako?"

Nasi tujiulize hivyo. Ya kesho yapo kwa Mwenye kuyajua, na hatutaulizwa kwa nini hatukuyajua. Lakini tutaulizwa juu ya hofu tuliyoipokea kwa jirani bila kubisha hodi kumuuliza, tukaipitisha kwa jirani wa pili ikiwa kubwa zaidi.