Kibaba Kimoja na Viwili Vyake

Enyi waungwana mlioketi, wenye mvi na wenye ujana, nawasalimu kwa heshima. Nikisema, "Hadithi inabisha," nanyi semeni, "Ifungulieni, iketi."

Hadithi inabisha!

Ifungulieni, iketi.

Palikuwa na nyumba, nayo haipo tena, iliyokuwa na ada yake. Bibi harusi huwapikia wakwe wali wa karamu. Ukiiva vyema, hukabidhiwa mwiko wa jiko. Ukimharibikia, mwiko huenda kwa wifi yake, na anayeukosa huchanja kuni umri wake wote.

Mwanakombo aliolewa humo. Wifi yake, Mishi, aliutamani mwiko ule. Akamwendea kwa upole, akamfundisha kwamba katika nyumba ile maji huzidi mchele kwa kibaba kimoja, basi.

Siku za kabla ya karamu, Mwanakombo akapima mchele kibaba kimoja, maji viwili. Wali ukachambuka. Akapima mchele viwili, maji vitatu. Wali ukawa na ugumu kidogo. Akapima mchele vitatu, maji vinne. Wali ukalia menoni, na mama mkwe akatafuna polepole.

Mnamwona, waungwana? Kanuni ameishika, wali umemponyoka.

Akakaa kitako, akawaza. Kibaba kilipokuwa peke yake kilikunywa viwili. Vilipokuwa viwili, kila kimoja kilipata kimoja na nusu. Vilipokuwa vitatu, kila kimoja kilipata kimoja na theluthi. Kumbe mchele unavyozidi, ndivyo kila kibaba kinavyopunjwa! Akajitungia wimbo wa kupimia:

*Kimoja kina viwili,*
*hakidhulumu cha pili.*

Siku ya karamu ukaletwa mchele vibaba kumi na viwili. Mwanakombo akachota maji, akaimba, akavipita vibaba kumi na vitatu.

"Mama, njoo umwone mkaza mwanao anavyotupikia uji," Mishi akaita. "Nimemfundisha kanuni ya nyumba, hasikii."

Mama mkwe akaja. Mwanakombo akainama kwa adabu.

"Mama, huenda nimekosea mimi. Mchele tuugawe, sita kwangu, sita kwa wifi. Yeye apike kwa kanuni aliyonifundisha, nami nijifunze kwa kumtazama."

Mama mkwe akaridhia. Sufuria mbili zikatengwa. Mwanakombo akatia maji vibaba kumi na viwili, akafunika. Mishi akatia, akatia, akatia, akafika cha saba. Hapo mkono ukasita. Akiishia hapo, wageni watatafuna changarawe, na wote wamejua sufuria ni yake. Akiendelea, kanuni yake imekufa. Akatazama mlango, akatazama moto, akachota cha nane. Akachota hadi kumi na viwili.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza bila kuinua uso, "sita ukiongeza kimoja, siku hizi ni kumi na viwili?"

Mishi akafunika sufuria.

Wali wa sufuria zote mbili ukaiva. Wageni wakala, wakashiba, wala hawakujua upi wa nani. Mwiko ukakabidhiwa Mwanakombo. Mishi akaliendea shoka, na huko kwenye kuni akasikika akiimba taratibu: *kimoja kina viwili.*

Hadithi imekula, imenawa, imeaga. Mimi sikuitunga. Nilipewa na nyanya yangu mzaa mama, akipima mchele jikoni kwake: Bi Mwanapili binti Athmani.