Ufuo Usio na Milango

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo si sauti. Watoto wamejibu, wakubwa mmenyamaza. Nanyi jibuni, maana leo nawasema nyinyi kuliko hawa wadogo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale sana, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana, palikuwa na ufuo wa mchanga mweupe. Ufuo ulikuwa wa kaa. Walichimba humo, walizaa humo, walizeeka humo. Shimo hapa, shimo pale, na kila shimo lilikuwa mlango wa mtu. Mlango mmoja ulikuwa wa Bi Kaa na binti yake Kibibi. Kibibi alikuwa mdogo kama kifungo cha shati.

Nyuma ya ufuo palikuwa na mto, na mtoni aliishi Kiboko, mkubwa wa nchi ile. Kila kiangazi mto ulikauka. Kila kiangazi Kiboko alilala kwenye tope, ngozi inampasuka, macho yako ufuoni. Aliutaka ule mchanga. Lakini desturi ya wanyama ilimzuia. Desturi ilisema mnyama halali juu ya mlango wa mwenzake, hata awe mkubwa vipi.

Kiboko akafikiri. Akafikiri siku tatu. Kisha akamwita Yangeyange, yule ndege mweupe wa shingo ndefu aliyezoea kumpanda mgongoni na kudonoa wadudu. Wakanong'ona.

Kesho yake Yangeyange akashuka ufuoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, bwana!"

"Niiteni Mwalimu. Nimekuja kuwafundisha watoto wenu kuchora. Mzee Kiboko anataka picha ya ufuo wakati wa kiangazi. Ikimpendeza, kila nyumba itapata nazi moja, nazi iliyokwisha kupasuliwa."

Nazi iliyopasuliwa! Mnawajua kaa? Kaa huizunguka nazi mchana kutwa asijue pa kuingilia. Basi wazazi wakawasukuma watoto mbele. Nenda! Nenda ukajifunze!

Mwalimu akachora mchangani kwa mdomo wake. Watoto wakafuata kwa kucha zao. Kwaru, kwaru, kwaru. Lakini kaa hutembea upande, na mistari yao nayo ikaenda upande. Wimbi likaja, chwaaa, likafuta. Wakaanza tena, huku wanaimba alivyowafundisha:

Mstari mrefu, bahari hiyo!
Nusu duara, jua hilo!
Vilima vilima, mawimbi hayo!
Chini yake, mchanga mtupu!

Kibibi akainua gando. "Mwalimu, mlango wetu niuweke wapi?"

"Mlango hauchorwi."

"Kwa nini?"

"Ni doa. Picha nzuri haina madoa."

"Lakini upo."

"Upo, ila hauchorwi. Haya, imbeni!"

Mstari mrefu, bahari hiyo! Wazazi waliwatazama, wakatikisa vichwa kwa raha. Watoto wetu wanasoma, bwana.

Siku ya saba likaletwa karara la mnazi, lile ganda linalofunika maua yake, kavu, pana, na wino wa ngisi. Sasa ndiyo picha yenyewe. Mmoja akachora bahari. Mmoja akachora jua. Wengine wakachora mawimbi. Kibibi akapewa mchanga, maana mchanga haukuwa na kazi. Akachovya ukucha kwenye wino. Akaweka duara moja jeusi, dogo, safi. Juu ya duara akaweka nukta mbili. Yalikuwa macho ya mama yake, yanachungulia mlangoni.

Yangeyange akaliona. Akageuza shingo polepole. "Bi Kaa, mwanao anataka kuwakosesha wenzake nazi?"

Wazazi wote wakageuka.

"Ah, Bi Kaa!"

"Mfunze mtoto wako!"

"Wetu wanasikia, wako ana nini?"

Bi Kaa akaona haya. Akaonea haya mlango wake mwenyewe! Mimi hapa hukasirika kila ninaposimulia, nisameheni. Akachukua mwani mbichi, wino haujakauka, akafuta. Fwi, fwi, fwi.

Kibibi akalia. "Mama, umejifuta!"

"Nyamaza. Unaniaibisha."

Yangeyange akatabasamu. "Sasa wazazi wekeni alama zenu pembeni, mzee ajue picha ni yenu." Kila mzazi akachovya gando, akaligandamiza kwenye karara. Pa! Pa! Pa! Bi Kaa naye akaweka lake. Pa!

Siku iliyofuata, jua la utosi, ardhi ikatetemeka. Tifu! Tifu! Tifu! Kiboko huyo, na Yangeyange mgongoni, na karara mdomoni mwa Yangeyange. Kila mguu ulipotua, mlango ulifukiwa. Kaa wakatoka mbio, watoto mikononi.

"Mzee, pole pole! Unakanyaga milango yetu!"

"Milango gani?" Kiboko akauliza. Yangeyange akaliweka karara mbele yao. "Hii ni picha ya nini?"

"Ya ufuo wetu, mzee."

"Nani kaichora?"

"Watoto wetu."

"Na alama hizi?"

"Zetu, mzee."

"Basi nionyesheni mlango."

Kaa wakatazama. Bahari ipo. Jua lipo. Mawimbi yapo. Chini yake, mchanga mtupu.

"Mzee, ile ilikuwa picha tu," Bi Kaa akasema.

"Mmesema wenyewe hakuna mlango. Mimi ni nani niwabishie?"

Kaa mmoja, hana hata aibu, akauliza, "Na zile nazi, mzee?"

"Niliahidi nazi moja kwa kila nyumba. Nyumba ziko wapi?"

Akajilaza. Puuu! Yangeyange akaanza kudonoa wadudu. Hakuwatazama.

Kaa wakahamia kwenye tope la mikoko, tope jeusi linalonuka. Kiangazi kikapita, kingine kikaja. Siku moja Bi Kaa akazidiwa na hamu ya kwao.

"Kibibi mwanangu, una mkono mzuri. Nichoree ufuo wetu, nisije nikausahau."

Kibibi akachora kwenye tope. Kwaru, kwaru, kwaru. Siku hizi mstari wake ulinyooka. Akachora bahari. Akachora jua. Akachora mawimbi, kilima baada ya kilima. Kisha akafuta ukucha wake, akakaa kando.

"Na mlango wetu, mwanangu?"

Kibibi akamtazama mama yake. Hakuwa na hasira. Alishangaa tu.

"Mlango hauchorwi, mama. Ni doa."

Bi Kaa akainua gando auchore mwenyewe. Akalipeleka huku, akalipeleka kule. Hakukumbuka ulikuwa wapi.

Funzo ni hili, wazazi. Mtoto akichora mlango wenu, msiufute ili kumfurahisha anayeutaka ufuo wenu. Hadithi yangu naiacha hapo, topeni, na makofi yenu sitaki.